Ndege wa bahari kuu na "machozi" yake

Baada ya kimbunga, ndege asiyezoeleka hukutwa amekaa mchangani, haruki hata mtu akimsogelea. Mara nyingi huwa petreli au frigata, ndege wa bahari kuu. Kimbunga kinachofika nchi kavu, kama Hidaya kilivyofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, kinaweza kuwasukuma mbali na maji yao, wakatua wakiwa wamechoka na wana njaa.

Hapo huzuka maneno yale yale: ni uchuro, katumwa, tena analia machozi. Hayo si machozi. Ndege hawa hunywa maji ya bahari, na figo zao peke yake hazimudu chumvi hiyo. Kazi ya kuitoa hufanywa na tezi mbili zilizo juu ya macho. Ndani yake damu hupita ikielekea upande mmoja na majimaji upande wa pili, na mpishano huo huisaidia tezi kukusanya chumvi hata majimaji yakawa makali kuliko bahari yenyewe. Kwa petreli hutokea kwenye vijibomba vya pua vilivyo juu ya mdomo, yakateremka hadi nchani na kuning'inia tone moja, mpaka ndege atikise kichwa. Anayeuza tone hilo kama dawa ya pumu, au unyoya kama kinga ya husuda, anauza maji ya chumvi na uongo.

Kukaa chini nako si lazima kuwe ugonjwa. Miguu ya petreli imekaa nyuma mno, kusimama kwake ni shida. Frigata ana mabawa yanayoweza kuzidi mita 2 toka ncha hadi ncha na vijiguu vifupi. Anahitaji upepo au mahali pa juu ili aruke. Utafiti wa mwaka 2016 kuhusu frigata wa kisiwa cha Europa, kati ya Msumbiji na Madagaska, ulionyesha kuwa huweza kukaa angani hadi miezi 2. Lakini manyoya yake hulowa, hivyo anayemrusha majini "arudi kwao" anamzamisha.

Ndege huyu asishikwe kwa mikono mitupu, wala asiliwe: mafua ya ndege yaliua maelfu ya minandi Afrika Kusini mwaka 2021. Watoto na mbwa wazuiwe, asimiminiwe maji mdomoni, na ofisa wa wanyamapori aarifiwe. Ndege wakikutwa wengi wamekufa mahali pamoja, wa kuitwa siku hiyo hiyo ni daktari wa mifugo. Mganga hana kazi hapo.