Televisheni ya Plazma au ya LCD? Soma Nyuma Kabla ya Kulipa

Ninyi mlio darasani huko Shinyanga, Kahama, Geita na vijiji vya jirani, chukueni daftari na kalamu. Leo tutasoma na kuhesabu pamoja.

Msimu wa pamba ukifunguliwa, mkulima hupata fedha. Mchimbaji mdogo naye huuza dhahabu yake katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, akarudi nyumbani na fedha mfukoni. Watoto wanataka televisheni. Basi baba na mama wanakwenda mjini. Dukani wanaonyeshwa mbili, zote bapa, na vioo vyake vinalingana. Ya kwanza ni kuukuu, nzito, na bei yake ni ndogo. Hiyo ni plazma. Ya pili ni mpya, nyepesi, na bei yake ni kubwa zaidi. Hiyo ni LCD. Je, wachukue ipi? Fedha ya msimu haiji kila mwezi. Wakikosea, watangoja mwaka mzima.

Kwanza tujue kila moja inavyofanya kazi.

Kioo cha plazma kina vijumba vidogo sana, mamia ya maelfu na zaidi. Ndani ya kila kijumba mna gesi. Umeme ukipita, gesi huamsha rangi iliyopakwa ndani, nayo ikatoa nuru. Ni kama koroboi nyingi mno, kila moja ikiwaka peke yake. Plazma ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani.

LCD ni namna nyingine. Washa karabai, kisha weka pazia mbele yake. Ukifungua pazia, nuru inapita. Ukifunga, nuru inazuiwa. Ndani ya LCD, taa ziko nyuma. Mbele yake, kati ya vioo viwili, mna kimiminika kinachofanya kazi ya pazia: umeme hukifanya kiachie nuru au kiizuie. Angalieni: muuzaji akisema, "Hii si LCD, hii ni LED," jueni kwamba kwa kawaida ni LCD hiyo hiyo, ila taa zake za nyuma ni vitaa vya LED, ambavyo hula umeme kidogo.

Tusiionee plazma. Picha yake ni nzuri. Weusi wake ni mweusi kweli, na mpira wa miguu ukienda mbio hauachi mkia kama ulivyoacha katika LCD za zamani. Hata aliyeketi pembeni huona vizuri. Ndiyo maana wenye vibanda umiza wengine waliipenda.

Lakini ina mambo matatu ya kufikiriwa.

La kwanza ni vipuri. Kampuni ya Panasonic iliacha kutengeneza plazma mwaka 2013. Samsung na LG zikaacha mwaka 2014. Kwa hiyo plazma unayouziwa leo imekwisha kupita miaka kumi. Ikiharibika, fundi atatafuta kipuri katika plazma nyingine iliyokufa.

La pili ni alama. Picha isiyosogea, kama nembo ya kituo au matokeo ya mpira pembeni, ikikaa saa nyingi kila siku huweza kuacha kivuli kisichotoka.

La tatu ni umeme. Hapa tuandike hesabu. Nyuma ya televisheni pana kibandiko. Tafuteni namba iliyofuatwa na herufi W. Hiyo ndiyo wati. Tuseme plazma ya inchi 42 imeandikwa 300 W, na LCD mpya imeandikwa 60 W. Kila moja inawashwa saa 5 kwa siku.

Plazma: 300 mara 5 ni 1,500. Gawanya kwa 1,000, unapata uniti 1 na nusu kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 45.

LCD: 60 mara 5 ni 300. Gawanya kwa 1,000, ni uniti 0.3 kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 9.

Tofauti ni uniti 36 kila mwezi. Tuseme, kwa mfano tu, uniti moja ni shilingi 350. Mara 36 ni shilingi 12,600 kwa mwezi. Ikiwa plazma ilikuwa rahisi kwa shilingi 100,000, basi kwa miezi 8 tu LUKU imeimeza nafuu yote. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba humwagika vivyo hivyo. Na anayetumia umeme wa jua asiwaze plazma: betri yake ndogo haitaiweza.

Basi mnunuzi afanye nini?

1. Geuza televisheni, usome nyuma. Tafuta neno PLASMA, LCD au LED, na namba ya W.

2. Pima kioo kutoka pembe mpaka pembe iliyo mkabala, bila fremu. Inchi 42 ni sentimeta 107 hivi.

3. Iwashe nusu saa. Tafuta picha nyeupe, uangalie vivuli vya herufi, mistari au madoa.

4. Uliza kama ina king'amuzi ndani. Kama haina, ongeza bei ya king'amuzi katika hesabu yako.

5. Dai risiti na hati ya dhamana, uisome kabla ya kutoka dukani.

6. Njiani, isafirishe ikiwa imesimama, hasa plazma. Kioo chake ni kizito, na barabara ya vumbi ina mashimo.

Muuzaji akikasirika kwa maswali yako, usione haya. Kuuliza si ujinga. Na wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo sasa unaweza kuliandika mwenyewe.

MASWALI YA DARASA

1. Nuru ya plazma inatoka wapi? Na ya LCD?

2. Televisheni ya 100 W ikiwashwa saa 4 kwa siku, itakula uniti ngapi kwa siku 30?

3. Geuzeni redio au televisheni iliyo karibu nanyi. Someni kibandiko, muandike wati zake.

Jibu la swali la pili ni uniti 12. Msiliangalie kabla ya kuhesabu! Kwa herini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.