Kuoga Msituni: Jua Unacholipia

Mlaji anayetafuta ahueni ya uchovu wa mjini anaweza kukutana na tangazo la huduma iitwayo kuoga msituni. Jina hilo limetokana na neno la Kijapani shinrin-yoku, lililoenea kuanzia mwaka 1982, pale Wakala wa Misitu wa Japani ulipowahimiza wananchi kuitumia misitu kupumzisha mwili na akili. Hapana maji wala sabuni. Mtu huingia msituni, hutembea polepole, huketi, husikiliza ndege na upepo, na simu yake huizima.

Faida yake ni ipi?

Watafiti wa Japani walifanya majaribio katika misitu 24, wakawapima vijana walewale wakiwa msituni na wakiwa mjini. Msituni mapigo ya moyo yalipungua, shinikizo la damu lilishuka, na kotisoli, homoni inayoongezeka mtu anapokuwa na msongo, ilikuwa chini zaidi. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha watu karibu 20,000 nchini Uingereza, ulionyesha kuwa waliokaa katika mazingira ya asili kwa angalau dakika 120 kwa wiki walielekea zaidi kusema wana afya njema kuliko wasiofika huko kabisa. Bustani za mjini na fukwe nazo zilihesabiwa.

Mipaka yake

Majaribio ya Japani yalipima mabadiliko ya muda mfupi kwa vijana wenye afya. Hayakupima tiba ya ugonjwa. Uchunguzi wa Uingereza nao hauthibitishi chanzo, kwani huenda mwenye afya ndiye aliye mwepesi wa kutoka matembezini. Kwa hiyo msitu hupumzisha, lakini hauchukui nafasi ya dawa. Anayekuahidi kwamba utaacha vidonge baada ya ziara chache anakuuzia hatari. Shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili, na mgonjwa aliyeacha dawa anaweza kupatwa na kiharusi ilhali alijiona mzima.

Unalipia nini?

Kinachouzwa kihalali ni kiingilio, usafiri, chakula na kazi ya mwongozaji. Mkazi wa Dar es Salaam, kwa mfano, anaweza kuitembelea hifadhi ya Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, pasipo kununua kifurushi cha tiba. Asiye na nauli ya kufika huko ana ufukwe wa wazi au bustani ya umma iliyo karibu naye.

Kabla ya kulipa, zingatia haya:

1. Omba mchanganuo wa bei kwa maandishi, kila huduma na gharama yake.
2. Uliza utaratibu wa kurejeshewa fedha iwapo safari itaahirishwa.
3. Usinunue huduma, mafuta wala dawa ya miti inayonadiwa kwa ahadi ya kuponya maradhi sugu.
4. Usipunguze wala kuacha dawa bila ushauri wa daktari wako.
5. Dai risiti, uitunze pamoja na tangazo lililokuvutia. Hivyo viwili ndivyo vitakavyoisimamisha hoja yako utakapowasilisha malalamiko.