Mtoto Anayetaka Ubaharia: Tujue Njia Kabla ya Kutoa Pesa



Mwezi uliopita jirani yangu hapa Kisugu, mwenzetu wa kiwandani, alinijia jioni akiwa na karatasi mkononi. Kijana wake amemaliza Senior 6 na anataka ubaharia. Mtu fulani amewaambia: leteni shilingi milioni sita, mwezi ujao kijana atapanda meli. Jirani alikuwa tayari kuuza kibanja chake cha kijijini. Nilimwomba asubiri, nikaenda kuuliza kwa wanaojua. Niliyoyapata nawaletea, maana jambo hili si la mtu mmoja.

La kwanza: ubaharia ni kazi ya kusomea. Tusiseme Uganda haina bahari, kwa hiyo haituhusu. Port Bell, pale Luzira, si mbali na hapa, na kwa miaka mingi meli zimebeba mabehewa ya reli kutoka huko kwenda Mwanza na Kisumu. Vyuo vilivyo karibu nasi ni Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI), kilichoanza mwaka 1978, na Bandari Maritime Academy kule Mombasa.

Chuoni mwanafunzi hushika upande mmoja. Wa sitaha hujifunza kuongoza meli, kusoma ramani za bahari na kupanga shehena. Wa mashine hujifunza injini, pampu, boila na umeme. Wote lazima wajue kuzima moto, huduma ya kwanza, kuruka majini na jaketi la kuokolea, na kuigeuza boya ya uokoaji iliyopinduka. Maisha ya huko ni ya sare, saa na amri, kwa sababu melini uzembe wa mmoja huua wengi. Hesabu, fizikia na Kiingereza lazima viwe vizuri. Wasichana nao husoma, na macho hupimwa, hata kutambua rangi.

La pili: cheti cha darasani peke yake hakimfanyi mtu kuwa ofisa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978, uitwao STCW, unataka mwanafunzi wa sitaha, yaani kadeti, akae baharini si chini ya miezi 12 ndani ya mafunzo yake, na kazi zake ziandikwe katika kitabu cha mafunzo. Kadeti wa mashine naye hutimiza miezi 12 ya karakana na meli, na sita kati yake iwe katika chumba cha mashine. Hapa ndipo vijana wengi wetu hukwama, maana meli za Afrika Mashariki ni chache. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, mzazi aulize chuo: mnawasaidiaje wanafunzi kupata meli ya mazoezi?

Akivuka hapo, wa sitaha huanza ofisa wa tatu, akapanda wa pili, wa kwanza, hadi nahodha. Wa mashine hupanda hadi mhandisi mkuu. Nchi kavu pia kuna kazi: bandarini, katika ukaguzi wa meli, na hata kwenye viwanda. Ninyi wa viwanda vya sukari mnajua kwamba fundi wa boila hakosi kazi.

La tatu, nalo ndilo kubwa: kazi ya meli hainunuliwi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, unakataza wakala kumtoza baharia pesa ili ampatie kazi. Baharia hujilipia cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti tu. Ada ya chuo ni jambo jingine, na hulipwa chuoni kwa risiti. Mkataba huo pia unampa baharia mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na mkataba wa ajira wenye sahihi. Mwaka 2025 kima cha chini kilichokubaliwa katika ILO kwa baharia mwenye ujuzi, asiye ofisa, kilikuwa dola 673 kwa mwezi.

Haki hizo hazikudondoka kutoka mbinguni. Mabaharia walizipigania katika vyama vyao, kama sisi tunavyopigania zetu kiwandani na shambani.

Jirani hakuuza kibanja. Alipomdai yule mtu mkataba na jina la meli, simu haikupokelewa tena. Kijana alinuna siku kadhaa, kisha akaanza kuulizia masharti ya kuingia chuoni. Njia hiyo ni ndefu, lakini ndiyo njia.

Ndugu, ukiletewa karatasi ya namna hii, usitie sahihi usiku peke yako. Ilete kwa mwakilishi wako wa chama tuisome pamoja.