Tembe Bado Lina Somo

Kiangazi kikikolea, matanuri ya matofali huanza kufuka moshi kandokando ya vijiji vya Singida. Magogo husukumwa tumboni mwa tanuri, na moto hukeshewa usiku kucha. Huo ni mzigo mzito kwa mkoa unaopata mvua ya milimita 600 hadi 700 hivi kwa mwaka, ambako mti ukishakatwa hauchipui upesi.

Kabla ya tofali la kuchoma, Wanyaturu, Wanyiramba na jirani zao Wagogo walijenga tembe: nguzo na fito zilizokandikwa udongo, na paa la bapa lililofunikwa udongo pia. Siku hizi tembe huonekana kama alama ya ufukara, na hapo linaonewa. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole. Joto la adhuhuri hufika chumbani usiku, wakati ambapo baridi ya Juni na Julai, katika nyanda hizi za mita 1,500 hivi juu ya bahari, inahitaji kitu cha kuipunguza makali. Bati lisilo na dari huunguza mchana na kupoa mara jua linapozama.

Tembe lina kasoro zake. Mvua ikizidi, paa huvuja. Boriti huliwa na mchwa. Madirisha madogo huzuia hewa. Kwa hiyo anayejifunza ujenzi unaotunza mazingira abaki na ukuta wa udongo, abadili paa na madirisha.

Ukuta huo leo unaweza kuwa wa matofali ya kufungamana, teknolojia inayoenezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha matofali hukomazwa kivulini kwa kunyunyiziwa maji. Kuni hazihitajiki. Meno ya tofali huingia kwenye tofali la chini yake, hivyo kozi nyingi hupanda bila mota. Nafuu hiyo ya saruji si ndogo: saruji huchangia karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani.

Si kila udongo unafaa. Fundi hujaza chupa angavu udongo hadi nusu, huongeza maji, hutikisa na kuiacha itulie. Mchanga hutua kwanza, mfinyanzi mwisho. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka. Mchanga ukizidi, litamomonyoka mkononi.

Halafu kuna jua. Singida iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuta ndefu zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini, ambako upenu wa kawaida unatosha kuzitia kivuli. Jua la saa kumi jioni huja chini chini kutoka magharibi, na upenu hauwezi kulizuia.

Paa nalo livune maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 60, mvua ikiwa milimita 600, hupokea lita 36,000. Hata moja ya tano ikipotea, zinabaki 28,800: familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, ingezitumia siku 240 kama ina tangi la kuzihifadhi. Gata huachwa hadi mwisho, fedha zikiwa zimekwisha. Gata ziandikwe kwenye makadirio siku ileile yanapoandikwa mabati na misumari.