Unga Laini wa Ngozi katika Rangi na Tando

Ngozi ya ng'ombe inaposawazishwa unene kiwandani, mashine huikwangua upande wa nyama, na maranda yanayodondoka kwa kawaida hutupwa jalalani, ingawa ni ngozi kamili iliyokwisha kusindikwa. Mara nyingi huwa imesindikwa kwa chumvi za kromi, njia inayotokana na hataza aliyopewa Augustus Schultz nchini Marekani mwaka 1884. Maranda hayo yanaweza kusagwa yakawa unga wa kuchanganywa katika rangi na tando za plastiki, lakini usagaji wenyewe ni mgumu kuliko unavyodhaniwa.

Kiini cha ugumu huo ni kolajeni, yaani protini ya ngozi, ambayo molekuli zake zimesokotana katika nyuzi imara. Ngozi mbichi hujikunyata ikitiwa katika maji ya digrii 60 hadi 65 za Selsiasi, ilhali kromi hufunga nyuzi hizo kiasi kwamba ngozi iliyosindikwa vizuri hustahimili maji yanayochemka. Kwa hiyo maranda yakisagwa hivi hivi, nyuzi huchambuka badala ya kukatika, na kinachopatikana ni kitu mfano wa pamba, ambacho huziba bomba la kupulizia rangi na kuacha vinundu katika utando wenye unene wa makumi machache tu ya mikromita, mikromita moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita.

Watafiti wa viwanda nchini Japani waliitafutia kazi hii njia ya mvuke. Maranda hupashwa moto yakiwa na unyevu hadi msokotano wa kolajeni ulegee, kisha hukaushwa, yakawa mepesi kuvunjika, ndipo yanaposagwa katika kinu ambacho hewa yenye kasi kubwa hugonganisha chembe zenyewe kwa zenyewe. Hapa ndipo penye ustadi wote: joto likipungua, nyuzi hubaki, likizidi, kolajeni hugeuka jelatini inayoyeyuka katika maji, na unga huo huvimba ndani ya rangi. Njia nyingine ni kugandisha ngozi kwa nitrojeni ya majimaji, yenye digrii 196 chini ya sifuri, ili ivunjike kwa urahisi, ingawa gharama yake ni kubwa.

Faida ya unga huu ni kwamba kolajeni hunyonya unyevu na kuutoa tena, hivyo utando wa poliurethani, ambao peke yake hunata mwilini mtu anapotoka jasho, hupata mguso mkavu, na chembe zilizo juu yake hutawanya mwanga na kuondoa mng'aro. Ni lazima unga ukaushwe barabara kabla ya kuchanganywa, kwa kuwa maji yakikutana na kemikali za isosianeti zinazounda poliurethani hutoa kaboni dioksidi na kujaza utando mapovu.

Suala la afya halipaswi kuachwa nyuma ya faida hizo. Kromi ya kusindikia si ile yenye sumu kali, lakini joto na hewa vinaweza kuigeuza kuwa kromi ya aina ya sita, ambayo Umoja wa Ulaya tangu 2015 umeizuia isifike miligramu 3 kwa kilo katika bidhaa za ngozi zinazogusa mwili. Vumbi la ngozi nalo limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa visababishi vya saratani ya pua kwa wafanyakazi, kwa hiyo kinu kisichofunikwa na kisicho na mtambo wa kufyonza vumbi hakistahili kuwashwa.