Upandaji wa Pitaya kwa Vipande vya Shina

Katika masoko ya Nairobi na Mombasa siku hizi huonekana tunda lenye ganda la rangi ya waridi na magamba ya kijani, ambalo nyama yake ni nyeupe au nyekundu, iliyojaa mbegu nyeusi ndogo kama ufuta. Wengi huliita tunda la dragoni. Jina lake lingine ni pitaya. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na mmea wake ni wa ukoo mmoja na mpungate, ule unaowaudhi wafugaji wa Laikipia. Kwa kuwa bei yake ni kubwa, wako watu wanaonunua vipande vya shina na kuvipanda siku ile ile nyuma ya nyumba. Baada ya majuma machache huvikuta vimeoza, na fedha zao zimepotea.

Mkulima wetu amezoea muhogo na viazi vitamu, ambavyo hukatwa na kupandwa vingali vibichi. Lakini shina la pitaya limejaa maji kama tango. Likikatwa huacha kidonda, na kidonda hicho kikifukiwa katika udongo wenye unyevu, uozo huingia kabla ya mizizi kutoka. Basi chukua kisu safi, ukate kipande cha urefu wa futi moja hivi kutoka shina lililokomaa, wala si chipukizi laini. Kitie alama upande wa chini, kwa maana yapasa kisimame vile vile kilivyokuwa kikikua. Kisha kiweke kivulini penye hewa kwa siku 5 hadi 7, mpaka pale palipokatwa pafanye kigaga kikavu. Usiogope kwamba kitakufa kwa kiu. Akiba ya maji kinayo ndani yake.

Debe kukuu lililotobolewa chini lafaa sana, likiwa na udongo wa kichanga uliochanganywa na samadi iliyooza. Fukia kipande inchi 2 tu, ukinyweshe maji kidogo. Mizizi huanza kutoka baada ya majuma 3 au 4.

Huenda mtu akauliza kwa nini asipande mbegu, ambazo ni za bure. Mbegu huota vizuri, lakini mmea wake waweza kukaa miaka 5 au zaidi bila kuzaa, na matunda yake yasifanane na ya mama yake. Kipande huwa sawa na mama yake, na mara nyingi huzaa katika mwaka wa pili au wa tatu.

Mmea huu hutambaa, hauwezi kujisimamia. Simika kwanza nguzo yenye futi 5 au 6 juu ya ardhi, tena iwe imara, kwa sababu mmea huwa mzito na huweza kuishi miaka 20. Nguzo ya mti laini italiwa na mchwa zamani. Ya saruji ni bora. Juu yake funga tairi kukuu ili matawi yaning'inie, maana hayo ndiyo yatoayo maua mengi.

Jambo moja wauzaji wengine hawalisemi. Ua hufunguka usiku mmoja tu, na asubuhi hunyauka. Aina nyingi zenye nyama nyekundu hazizai kwa unga wa maua yao wenyewe. Aliyepanda vipande 10 vya shina moja ana mmea mmoja tu mara 10, na ataona maua yakianguka bure. Hapana budi kupanda aina mbili, na usiku kuchukua unga wa ua la aina moja kwa brashi laini na kuupaka kwenye ncha ya uzi mnene ulio katikati ya ua la aina ya pili. Aina nyingi zenye nyama nyeupe hazina taabu hiyo.

Tunda huwa tayari baada ya mwezi mmoja hivi, au zaidi kidogo penye baridi. Lichumwe ganda likiisha kugeuka rangi lote, kwa kuwa likichumwa bichi halitaiva kikapuni kama embe.