Giaboksi ya Guka

Peugeot 504 ya guka imelala Mai Mahiu wiki ya tatu sasa. Tulikuwa tunapanda kwenda Limuru. Kufika pale kwenye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa Waitaliano mwaka wa 1942, injini ikanguruma lakini gari likakataa kusonga. Giaboksi ya otomatiki imekufa.

"Weka gia za mkono, utazipata leo leo," fundi akaniambia.

Ni ukweli. 504 ziliunganishwa hapa Kenya miaka mingi, zikashinda Safari Rally 1975 na 1978, na nyingi barabarani zilikuwa za gia za mkono. Lakini mguu wa kushoto wa guka umepooza. Ukimwekea klachi, umemnyang'anya gari.

Basi nikazunguka Grogan na Kirinyaga Road. Somo la kwanza: soma kibati cha namba kwenye giaboksi kabla ya kutoa hata ndururu. Yetu ni ZF ya Ujerumani, gia tatu. BMW za zamani zilitumia ndugu yake, lakini usidanganyike, sehemu ya kufungia kwenye injini ni tofauti. La pili: nusa oili. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, unauziwa maiti nyingine.

Mwishowe nikamwambia fundi afungue yetu. Kumbe kasha ni zima. Zilizochakaa ni diski na sili, na hizo zinaagizwa.

Nikampigia guka. "Itachukua muda."

"Muda ninao," akajibu. "Klachi tu ndiyo usiniletee."